Mtoto ananyonya kidole? Hesabu saa kabla ya kumgombeza

Kaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya meno inayopokea watoto, swali la kidole utalisikia kabla hujaitwa jina. Mama amemleta mtoto wa miaka mitano kuzibwa jino. Kazi imekwisha, wameshaaga, akiwa mlangoni anageuka: "Halafu daktari, huyu naye bado ananyonya kidole. Meno si yatatoka nje?"

Anataka aambiwe ndiyo au hapana. Jibu lenyewe linategemea mambo mawili: mtoto ana miaka mingapi, na kidole kinakaa mdomoni saa ngapi kwa siku. Hilo la pili wazazi wengi hawajawahi kulipima, na ndilo lenye uzito. Jino halihamishwi na nguvu kubwa ya mara moja. Linahamishwa na msukumo mdogo unaodumu. Kuna mtoto ananyonya kwa kelele, hadi wageni wanamcheka, lakini ni dakika chache tu akiwa na njaa au usingizi. Huyo anaweza asipate madhara yoyote. Kuna mwingine ametulia, gumba limelala mdomoni tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, hanyonyi hata kwa nguvu. Huyo wa pili ndiye meno yake yanayohama. Wataalamu wa kupanga meno hukadiria kwamba msukumo ukifika saa 6 hivi kwa siku, meno huanza kusogea.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu kumnyang'anya mtoto kidole chake. Unahusu kupunguza saa, na saa nyingi ziko kitandani.

Kwanza elewa gumba linafanya nini huko ndani

Weka gumba lako mwenyewe mdomoni, hakuna anayekuona. Utahisi nyama ya gumba inagusa kaakaa, nyuma tu ya meno ya juu. Upande wa kucha umelalia meno ya chini. Sasa nyonya kidogo. Meno ya juu yanasukumwa kwenda mbele, ya chini yanasukumwa kurudi ndani kwenye ulimi, na mashavu yanaingia ndani pande zote mbili. Hapo umeshapata habari nzima.

Mtoto akirudia hivyo kwa miezi na miaka, meno ya juu ya mbele hutokeza, ya chini hulala kuelekea ndani. Tena gumba limekaa njiani: meno ya mbele hayapati nafasi ya kuota hadi mwisho, huku magego ya nyuma, kwa sababu mdomo uko wazi na hayagusani, yanaendelea kuota. Siku mtoto anapong'ata, nyuma meno yanakutana vizuri, mbele unabaki uwazi. Mara nyingine uwazi huo unaegemea upande mmoja, ule wa mkono anaoutumia.

Hilo la mbele ndilo linaloonekana kwenye picha za sikukuu, kwa hiyo ndilo linalowatia watu wasiwasi. La hatari zaidi liko nyuma. Ulimi uliotulia kawaida hupumzika juu, umegusa kaakaa, na kwa kukaa hapo unayasukuma meno ya juu kwa nje, wakati mashavu yanayasukuma kwa ndani. Gumba likiingia, ulimi unashuka chini. Mashavu yanabaki yakisukuma peke yao. Taratibu taya la juu linakuwa jembamba na kaakaa linapanda, hadi magego ya juu yanaangukia ndani ya magego ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Mtoto akikuta meno hayakai, hujifunza kusogeza taya upande mmoja ili apate pa kutafunia. Akikua na mazoea hayo, taya linaweza kukua likiwa limeegemea upande. Uwazi wa mbele mara nyingi hupungua wenyewe kidole kikiachwa mapema. Kubanwa kwa taya huku nyuma hakurudi kirahisi hivyo.

Na kuna ajali. Meno ya juu yakitangulia mbele ya yale ya chini kwa zaidi ya milimita 3, uwezekano wa kuumia yakigongwa ni karibu mara mbili ya wa mtoto mwingine. Anayejua uwanja wa shule wakati wa mapumziko ataelewa.

Hatua ya 1: Weka umri mezani

Kichanga mwache. Kunyonya ni silika aliyokuja nayo; watoto huonekana kwenye ultrasaundi wakinyonya gumba wakiwa bado tumboni. Kabla ya miaka miwili hakuna mpango unaohitajika zaidi ya kunyonyesha vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi, na ziwa lina faida hata kwa mpangilio wa meno.

Watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani kinashauri tabia hii iwe imekwisha kufikia miezi 36. Kwa maoni yangu, miaka mitatu ni wakati wa kuanza kumwelekeza polepole, bila vita, na miaka minne ni wakati wa kazi yenyewe. Ana uwezo wa kuelewa, anaweza kukubaliana na wewe jambo, na bado una muda.

Muda unaishia wapi? Kwenye meno ya kudumu. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kama limefika. Meno ya mbele ya chini huota kati ya miaka 6 na 7, ya juu kati ya 7 na 8. Ukitaka tarehe ya kukumbuka, chukua hii: kidole kiwe kimeacha mdomo kabla mtoto hajaanza darasa la kwanza.

Utasikia watu wakisema, "Hayo ni meno ya utotoni, si yatang'oka tu?" Meno yatang'oka, ndiyo. Taya lililobanwa haling'oki. Meno mapya yatakuja kuota kwenye taya lilelile.

Hatua ya 2: Angalia mdomo wake kwa mwanga mzuri

Msimamishe mlangoni mchana, au tumia tochi ya simu. Usimwambie "nionyeshe meno", kwa sababu watoto wengi hapo hutoa taya la chini mbele na utaona kitu kisichokuwepo. Mwambie: "Meza mate, halafu ng'ata kwa meno ya nyuma." Kisha wewe mwenyewe inua mdomo wa juu kwa vidole viwili, taratibu.

Tazama meno ya mbele. Akiwa amefumba, je, ya juu yanayafunika kidogo yale ya chini, au unaona ulimi katikati? Mtazame pia kwa ubavuni: meno ya juu yametangulia kiasi gani? Milimita 2 au 3 si tatizo. Ikiwa unaweza kuingiza ncha ya kidole chako kidogo kati ya meno ya juu na ya chini huku amefumba, hiyo ni ya kumwonyesha daktari.

Kisha vuta shavu pembeni, kulia halafu kushoto. Magego ya juu yanatakiwa yakae kwa nje kidogo ya yale ya chini, pande zote mbili. Upande mmoja ukikuta ni kinyume, au mstari wa katikati ya meno ya juu na ya chini unahama anapofumba, usisubiri kuona kama itajirekebisha akikua. Mpeleke.

Mambo mawili yasikutishe. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ni wa kawaida kwa meno ya utotoni, na kwetu wengi wanauombea ubaki. Pia kuna familia ambazo meno ya juu na ya chini yote yameelekea mbele kidogo, na midomo imejaa. Mtazame baba, mtazame bibi. Kama ndivyo walivyo, hilo ni umbile, usilisingizie gumba.

Baada ya mdomo, shika mikono. Utakuta vidole tisa vina vumbi la uwanjani na kimoja ni cheupe, safi, kimekunjamana kama kimelowekwa. Geuza uone mgongo wake, karibu na kifundo: anayenyonya sana huwa na sugu pale meno yanapogusa. Sugu hiyo ni shahidi mzuri kuliko maelezo ya mtu yeyote nyumbani. Ikiwa ngozi imepasuka au pembeni mwa kucha pamevimba na kutoa usaha, litibiwe hilo kwanza. Na kata kucha fupi, kwa sababu kidole kinachotoka mchangani kwenda mdomoni hubeba mayai ya minyoo.

La mwisho katika hatua hii, msikilize akisema. Mwombe aseme "sisimizi sita" mara tatu, haraka. Akiwa na miaka mitano au zaidi na ulimi unachungulia katikati ya meno kila inapokuja sauti ya "s", ana kitembe, na huenda uwazi wa mbele umeupa ulimi njia ya kupita. Mdogo zaidi ya hapo mwache, wengi bado wanajifunza.

Hatua ya 3: Hesabu saa kwa wiki moja

Chukua daftari la shule. Kwa siku saba usimkataze kitu, andika tu: saa ngapi kidole kimeingia, kimetoka lini, alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini. Mshirikishe anayeshinda naye. Dada wa kazi na bibi wanajua mengi ambayo wewe unayerudi saa moja jioni huyajui, na mwalimu wa chekechea anajua mengine. Waulize kwa namna ya kuomba msaada, kwa sababu ukiuliza kama unawapeleleza, watakuambia "hanyonyi sana".

Usiku unahitaji kuchungulia mara tatu: unapoenda kulala, unapoamka kwenda chooni, na alfajiri. Ukikuta gumba limo mara zote tatu, andika usiku wote. Likiwa limo mara ya kwanza tu, basi hulitoa mwenyewe usingizi unapokolea, na hali yako ni nyepesi zaidi.

Mwisho wa wiki jumlisha. Chini ya saa moja au mbili kwa siku kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye meno yake yamekaa vizuri, sioni sababu ya kuanzisha kampeni. Ikikaribia saa sita, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Tafuta kidole kinaenda na nini

Daftari lile litakuonyesha mpangilio. Wapo wanaonyonya wakiangalia katuni tu. Wapo wanaoanza njaa inapouma, saa nne au saa kumi, na dawa yao ni uji au ndizi kwa wakati. Wapo walioanza upya baada ya mdogo wao kuzaliwa, au baada ya kuhama nyumba, au baada ya baba kusafiri. Hao hawahitaji kuanzishiwa mpango mwezi huohuo. Waache watulie kwanza.

Angalia na mkono wa pili. Watoto wengi hawanyonyi kwa mkono mmoja. Gumba la kulia liko mdomoni, mkono wa kushoto unasugua pindo la khanga ya mama, au sikio, au lebo ya mto. Viwili hivyo vimefungamana: khanga ikija, gumba linapanda lenyewe. Kwa mtoto wa namna hii mara nyingi ni rahisi kuanza na khanga kuliko kidole. Iwe inabaki chumbani, isitembee naye sebuleni. Baadaye iwe ya kulalia tu. Baadaye mpe kipande kidogo. Ukiichoma au kuificha ghafla utapata kilio cha siku tatu na gumba litabaki palepale.

Hatua ya 5: Kubaliana naye

Wengi wanaruka hapa. Mtoto wa miaka minne hawezi kuachishwa kidole chake kwa lazima, kwa sababu analala nacho na wewe hupo. Anapaswa kutaka yeye.

Chagua saa ambayo hajanuna. Mpeleke kwenye kioo, mwonyeshe meno yake, na umwonyeshe gumba linavyoyasukuma. Usimtishie kwamba atakuwa mbaya. Maneno machache yanatosha:

"Mwanangu, gumba lako linasukuma meno haya. Unataka tulisaidie lipumzike?"

"Nikilala je?"

"Nikija kukufunika nitalitoa polepole. Wewe utalisaidia mchana."

Akikataa, acha. Rudi baada ya wiki mbili. Akikubali, mwulize yeye achague kitu cha kumkumbusha: plasta ya rangi, uzi mkononi, alama ya kalamu kwenye gumba. Kitu alichochagua mwenyewe hukaa. Ulichomfunga wewe utakikuta chini ya kitanda.

Halafu waambie watu wa nyumbani lugha iwe moja. Mjomba anayepiga kelele "toa kidole, mtoto mkubwa wewe!" kila akiingia anarudisha kazi nyuma, maana mtoto aliyeaibishwa anatafuta kitu cha kumtuliza, na kitu anachokijua ni hichohicho.

Hatua ya 6: Anza na mchana

Mchana ni mwepesi kwa sababu yuko macho. Mahali palipojaa kwenye daftari, ipe mikono kazi: kusokota udongo, kuchambua mchele pamoja na bibi, kupaka rangi, kushika kikombe chake mwenyewe wakati wa katuni. Ukiona kidole kinapanda, usiseme neno "kidole". Mwombe akuletee kitu cha kubeba kwa mikono miwili.

Msifu akiwa hanyonyi. Tumezoea kuona kosa tu, kwa hiyo hili linahitaji kukumbushana. Chora kalenda ya mwezi ukutani kwa urefu wa macho yake, na yeye mwenyewe abandike nyota au achore jua kila mchana uliopita bila gumba. Zawadi iwe ndogo na ya karibu, si baiskeli ya Desemba: siku tatu, anachagua hadithi, wiki, anachagua chakula cha Jumamosi. Pipi siziweki humu, kwa sababu zilizo wazi. Siku iliyoharibika ibaki tupu bila maelezo. Usiandike msalaba mwekundu.

Hatua ya 7: Usiku, penye saa zenyewe

Usianze usiku hadi mchana umetulia walau kwa wiki mbili. Ukipigana sehemu zote mbili kwa pamoja, mtoto anakosa pa kupumzikia.

Badilisha namna ya kuingia usingizini. Mtoto aliyezoea kulazwa na gumba anahitaji kitu kingine kifanye kazi hiyo: kumpapasa mgongo, hadithi, dua, wimbo uleule kila siku, mdoli wa kukumbatia kwa mikono yote miwili. Siku za mwanzo atachelewa kulala. Kubali hilo, anza maandalizi nusu saa mapema.

Kisha weka kizuizi chepesi, ambacho yeye amekikubali mchana. Soksi safi ya pamba mkononi, ikafungwa juu ya kifundo kwa kitambaa laini, inafaa kwa wengi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa soksi huvuliwa kabla ya saa sita usiku. Huko plasta ya kitambaa kwenye gumba, au fulana nyepesi ya mikono mirefu iliyoshonwa mwishoni, hustahimiliwa zaidi.

Njia nyingine, kwa mtoto wa miaka mitano na kuendelea, ni bandeji ya kuvutika inayozungushwa kwenye kiwiko, nje ya nguo. Mkono unakunjika, ila ukikunjwa bandeji inavuta kidogo, na misuli ikilegea kwa usingizi mkono unajinyoosha na gumba linatoka. Isikaze hata kidogo. Ingiza vidole vyako viwili chini yake. Kama haviingii, fungua. Vidole vya mtoto vikiwa vya baridi, vimevimba au akisema vinachonyota, iondoe na usiirudie bila kumwuliza daktari. Usifunge mikono yote miwili, wala usimfunge kwenye kitanda.

Na wewe fanya ile zamu uliyoahidi. Unapokwenda kulala, lipo gumba mdomoni, sukuma kidevu chini kidogo kwa kidole kimoja, gumba litateleza lenyewe. Kulivuta humwamsha. Kama kila asubuhi bado linakutwa limo, usihesabu kushindwa; kama zamani lilikaa saa tisa na sasa linaingia alfajiri tu, meno yameshapata nafuu.

Pilipili, shubiri na kiboko

Nitasema waziwazi: pilipili usipake. Mtoto akiamka usiku anajifikicha macho kabla ya kunyonya, na utakuja kumwosha macho saa nane usiku huku analia. Shubiri na mwarobaini havichomi, lakini ladha chungu peke yake haishindi mtoto ambaye hajakubali. Atailamba hadi iishe, kisha anaendelea. Rangi chungu za kucha zinazouzwa madukani ni hivyohivyo. Zinafaa kama kikumbusho kwa mtoto mkubwa aliyeomba mwenyewe, basi.

Kupiga kunafundisha kunyonya kwa kujificha. Utaona kidole kimepotea sebuleni, utafurahi, na saa zote zimehamia chini ya shuka ambako huzioni.

Kuna wanaomhamishia mtoto kwenye nyonyo bandia ya plastiki. Kwa meno haina tofauti kubwa, na kwa kubana taya la juu nyuma haina huruma hata kidogo. Faida yake moja ni kwamba inaweza kupotea, kidole hakipotei. Kama mtoto tayari anayo, iondolewe kabla ya miaka mitatu, na isichovywe kwenye asali wala sukari: inaozesha meno, na asali ni hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyoleta ugonjwa wa kupooza misuli.

Hatua ya 8: Kwa daktari wa meno

Kwa kweli mtoto anapaswa kuonana na daktari wa meno kufikia mwaka wake wa kwanza, hata kabla ya habari ya kidole. Lakini kwa suala hili nenda bila kusubiri ikiwa magego yanapandana vibaya, ikiwa mtoto anasogeza taya anapong'ata, ikiwa amefika miaka mitano na hatua za juu hazijapunguza saa, au ikiwa meno ya kudumu ya mbele yameshaanza kuota na kidole bado kipo. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi ajulikane pia, kwa sababu anayepumua kwa mdomo hupata mabadiliko yanayofanana na haya, na huenda chanzo ni nyama za puani au mafindofindo, si gumba.

Anzia hospitali ya wilaya yenye kitengo cha kinywa na meno. Wakiona inahitajika, watakuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa kupanga meno. Huyo ana kifaa kidogo cha waya kinachoshikizwa kwenye magego ya juu, na sehemu yake inakaa nyuma ya meno ya mbele ili gumba lisipate pa kushika. Kingine kina kishanga kinachozunguka, mtoto anakichezea kwa ulimi badala ya kunyonya. Taya likiwa limeshabanwa, upo waya wa kulitanua polepole. Vifaa hivi haviumi, ila siku za kwanza maneno hukwama na chakula hunasa, hivyo mswaki unahitaji mkono wako. Hukaa miezi kadhaa hata baada ya gumba kuacha, ili mazoea yasirudi. Na havifanyi kazi kwa mtoto asiyetaka: anaweza kuupinda waya kwa wiki moja. Ndiyo maana Hatua ya 5 haikwepeki hata kwa mwenye bima nzuri.

Nyaya za kupanga meno zile zinazoonekana kwa vijana kawaida husubiri hadi meno mengi ya kudumu yameota, miaka 11 na kuendelea. Magego yaliyopandana hayasubiri hadi huko.

Akishaacha

Usitazame meno kila asubuhi. Uwazi wa mbele hupungua kwa miezi, si kwa wiki, na kwa mtoto aliyeacha kabla ya meno ya kudumu ya juu kuota mara nyingi hujifunga wenyewe, kwa sababu mdomo, mashavu na ulimi vinarudi kazini. Ikiwa ulimi umezoea kusukuma mbele kila akimeza, uwazi unaweza kubaki hata kidole kikiwa kimesahaulika; mwambie daktari, kuna mazoezi ya ulimi.

Tegemea kurudi nyuma kidogo. Malaria, safari ya kijijini, mwanzo wa shule: gumba hupanda tena kwa siku chache. Irudishe kalenda ukutani bila hotuba.

Piga picha ya meno yaliyong'atwa siku ya kuanza, kisha kila mwezi, mlangoni palepale na mwanga uleule. Ukienda kliniki zibebe. Daktari anauona mdomo wa mtoto siku moja tu. Picha zako zitamwonyesha kama meno yanarudi, yamesimama, au bado yanakwenda.